Namna ya Kumkaribia Njiwa Mwitu kwa Maficho ya Asili

Nilijifunza kujificha nikiwa na manati shingoni. Tulikuwa wavulana watatu au wanne huko Njoro, kaunti ya Nakuru, msimu wa kuvuna ngano, na njiwa ndio walikuwa kitoweo chetu cha likizo. Manati niliiacha zamani. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa ajili ya mchezo na hata kwa ajili ya chakula. Ujuzi wa kujificha, hata hivyo, ulibaki nami. Sasa nautumia kwa kamera, na naamini hiyo ndiyo sehemu ya uwindaji iliyokuwa na thamani tangu mwanzo: kutulia mahali mpaka ndege aliye huru aje kwa hiari yake, mita kumi mbele yako, anywe maji asijue kwamba upo.

Wanaoanza huniuliza wanunue nini. Sipendekezi hema la kujifichia, na jaketi za madoadoa kama za jeshi usivae kabisa, kwa maana hapa Kenya raia akivaa kitu kinachofanana na sare za jeshi anaweza kukamatwa. Nakuru imejaa maficho yasiyouzwa: vichaka vya leleshwa kwenye miteremko ya mlima Menengai, nyua za kayaba mashambani, mabua ya mahindi, kingo za makorongo, mashina ya mikalitusi. Kazi ni kujua kuyatumia.

1. Mjue unayemfuata

Njiwa si mmoja. Yule mkubwa mwenye mabawa ya rangi ya matofali yaliyonyunyiziwa madoa meupe, na ngozi nyekundu kuzunguka jicho, hulala na kuzaa majabalini na kwenye mapaa ya majengo, kisha hushuka mashambani kula nafaka zilizodondoka. Hua na tetere, wale wenye ukanda mweusi nyuma ya shingo, hukaa karibu nasi, na kati yao yule mwenye jicho jekundu hupenda miti mirefu iliyo karibu na maji. Pugi ni mdogo, hutembea chini ya vichaka, na wimbo wake huanza polepole kisha ukaharakisha huku ukishuka. Ukipanda kuelekea msitu wa Mau au Eburu utamkuta njiwa wa msituni, mweusi mweusi, mwenye mdomo na miguu ya manjano, anayekula matunda ya miti ya mwitu na ni nadra kutua chini.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu mahali pa kujificha hutegemea anachokula huyo ndege. Mla nafaka hushuka chini, na punje kavu humtia kiu, kwa hiyo lazima aende majini. Huyo unamsubiri penye maji au kwenye shamba lililovunwa. Mla matunda unamsubiri chini ya mti wake.

2. Elewa jicho lake

Macho ya njiwa yako ubavuni mwa kichwa. Bila kugeuka anaona zaidi ya nyuzi 300 kati ya 360 zinazomzunguka, na sehemu ndogo tu nyuma ya kisogo ndiyo imefichika. Kwa hiyo kumnyatia kwa nyuma, kama unavyomnyatia paka, hakukusaidii. Anaona pia mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha inaweza kumetameta machoni pake hata kama kwako ni ya kijani kibichi iliyopauka. Nguo zangu za kazi hii nazifua kwa maji na sabuni ya mche, na nazianika kivulini.

Kinachomtisha zaidi ni mwendo. Mtazame akitembea: kichwa husukumwa mbele kwa mkupuo, kisha kinatulia tuli hewani huku mwili ukikifuata. Katika nukta ile kichwa kimetulia, kila kinachosogea mbele yake kinajitokeza. Harufu yako haimshtui kama inavyomshtua swala, kwa hiyo upepo uangalie kwa sababu nyingine. Ndege hutua akielekea upepo unakotoka. Ukijua upepo unatoka wapi, unajua atakuja akielekeza kifua wapi.

3. Nenda siku moja kabla, bila kamera

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua yote. Nenda jioni, tuseme saa kumi na nusu, ukae mbali, mita mia moja au zaidi. Tazama mambo matatu: wanaingia kutoka upande gani, wanatua wapi kwanza, na wanashukia wapi.

Hilo la pili ndilo ufunguo. Njiwa mwitu hatui chini moja kwa moja akitoka angani. Hutua kwanza juu ya mti, hasa mti mkavu au tawi lisilo na majani, hukaa akichunguza, ndipo hushuka. Ziwa Nakuru lilipopanda na kumeza ukingo wake, liliacha migunga mingi imekufa ikiwa imesimama majini, na ndege wengi wameigeuza minara yao ya ulinzi. Shambani mnara huo unaweza kuwa mkalitusi mmoja au nguzo ya umeme. Ukishaujua, jiulize: nikikaa pale ninapotaka kukaa, aliye juu ya mti ule ataniona? Maficho yanayokukinga kwa mbele tu na kukuacha wazi kwa juu hayakufai. Tafuta mahali penye matawi yaliyofunika utosi wako.

Siku hiyo hiyo ongea na mwenye shamba. Mimi huenda mpaka mlangoni, nasalimu, nasema: "Mama, naomba ruhusa nikae kesho alfajiri kando ya ua wako, kule kwenye birika la ng'ombe. Napiga picha za njiwa, sigusi kitu." Mara nyingi ataniuliza kama njiwa wana nini cha kupigwa picha. Namwonyesha picha mbili tatu kwenye simu, na baada ya hapo yeye mwenyewe ndiye ananieleza wanakuja saa ngapi. Mtu anayechota maji pale kila siku anajua kuliko mimi. Waambie na watoto wa boma, na ujue mbwa wamefungwa au la. Mtu asiyejulikana akionekana amejikunyata kichakani alfajiri anaweza kupigiwa kelele za mwizi.

4. Tafuta mgongo kabla ya kutafuta kifuniko

Hapa ndipo napenda usome polepole. Mwaka wa kwanza wa kamera nilijenga maficho mazuri sana kando ya bwawa dogo la shamba. Nilipanga matawi mbele yangu kwa ustadi, nikaacha tundu la lenzi, nikakaa ndani kuanzia alfajiri. Njiwa walikuja makundi kwa makundi, na kila kundi likifika juu ya bwawa liligeuza na kwenda zake. Saa tatu na nusu nilitoka, nikaenda upande wa pili wa maji, nikageuka kutazama nilikotoka. Nyuma ya maficho yangu hapakuwa na kitu ila anga. Kila nilipoinamisha au kuinua kichwa, njiwa waliona donge jeusi likicheza juu ya mwangaza. Ule ukuta wangu wa matawi haukuwa umefanya kazi yoyote.

Tangu siku hiyo naanza na kilicho nyuma yangu. Kilicho mgongoni kina uzito kuliko kilicho mbele. Mtu aliyeegemea shina nene au ua mzito, ndani ya kivuli, mbele yake pakiwa na vijiti vichache tu, huonekana kidogo kuliko mtu aliye nyuma ya kichaka kizima huku mbingu imemzunguka. Umbo la mabega na kichwa ndilo linalotusaliti, na umbo hilo hupotea likilala juu ya kitu cheusi, chenye matawi na majani mengi.

Sasa ongeza jua. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza mwaka mzima mnamo saa kumi na mbili na nusu na kupanda karibu wima. Chagua ua ulio upande wa mashariki wa maji, ukae upande wake wa magharibi, uso ukielekea magharibi. Jua litakapotoka nyuma ya ua, kivuli chake kitakufunika wewe, na njiwa aliye mbele atamulikwa kifuani. Ua wa mita mbili hutupa kivuli cha mita saba hivi saa moja baada ya jua kutoka. Saa mbili baada ya jua kutoka kinabaki mita tatu na nusu, na ikifika saa tatu na nusu ni mita mbili tu. Kwa hesabu hiyo unajua muda ulio nao. Kivuli kikishafika magotini pako, asubuhi hiyo imekwisha, na pia mwanga umekuwa mkali kiasi cha kuharibu picha. Jioni geuza mpango wote: ua uwe magharibi mwako.

Kila mmea una tabia yake. Kayaba ni mzuri kuliko yote kwa uzito na weusi wake, ila miiba yake ni mirefu, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja kati yake na mgongo wako. Leleshwa ina rangi ya kijivu, na mtu aliyevaa kijani kizito mbele yake anaonekana kama doa. Pale vaa kijivu au kaki iliyochakaa. Mafungu ya mabua ya mahindi yaliyosimamishwa baada ya mavuno, mnamo Oktoba hadi Desemba, ni maficho ambayo njiwa ameshayazoea. Unapenya katikati ya mafungu mawili na hakuna unachohitaji kuongeza. Katika shamba la ngano lililovunwa hapana kitu kirefu, kwa hiyo tumia mtaro au ukingo wa korongo, ulale kifudifudi. Ua wa mnyaa uepuke. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya, na ndivyo ilivyo pia kwa mieuforbia mikubwa ya pale Ziwa Nakuru.

5. Mbele weka kidogo tu

Okota matawi yaliyoanguka, usikate mabichi. Sababu si huruma kwa mti peke yake. Tawi bichi lililokatwa alfajiri huwa limenyauka kufikia saa nne, majani yamejikunja, na pale ambapo jana palikuwa kijani leo pana rangi nyingine. Leleshwa ni mbaya zaidi, maana jani lake chini ni jeupe. Likiwekwa kichwa chini hung'aa kama karatasi. Kama lazima utumie tawi la leleshwa lililovunjika, lisimamishe jinsi lilivyokuwa likiota.

Kifuniko cha mbele kifike kidevuni ukiwa umekaa. Chungulia ubavuni mwake au katikati yake. Usichungulie kwa juu. Kichwa kinachopanda juu ya ukingo na kushuka ndicho kitu cha kwanza njiwa anachokiona.

6. Uso, mikono na vitu vinavyong'aa

Asubuhi hiyo usijipake mafuta usoni wala mikononi. Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta humulika jua kama kioo. Funga leso kuukuu ya rangi ya udongo usoni, acha macho tu, vaa kofia yenye ukingo, na soksi kuukuu zilizotobolewa vidole zinafaa kuwa glavu. Vua saa na pete. Simu iweke mfukoni, sauti na mwanga vikiwa vimezimwa. Lenzi iwe na kofia yake mbele, na mwili wa kamera uufunge kitambaa kama una sehemu za rangi ya fedha.

7. Ingia gizani

Uwe umeketi kabla ya saa kumi na mbili kamili. Njiwa akiamka akakukuta upo, wewe ni sehemu ya ua. Akikuona ukiingia, atakumbuka asubuhi nzima. Kama umechelewa, nenda na mwenzio: ingieni wawili, mmoja atoke akitembea wazi na kuondoka. Nimeona mara kadhaa njiwa wakitulia baada ya kumwona mtu ameondoka, kana kwamba mambo yamekwisha.

Kabla ya kukaa, pitisha fimbo mahali pale na umulike tochi chini. Kifutu, yule nyoka mwenye sumu, hulala kwenye majani makavu na hakimbii mtu anapokuja. Tazama pia kama kuna msafara wa siafu. Kunja gunia mara nne ulikalie, egemeza mgongo, inua magoti, na weka viwiko juu ya magoti. Mkao huu unaweza kuuvumilia saa mbili bila kujinyoosha, na kamera huwa imeshatulia tayari. Wanaochuchumaa huanza kutikisika baada ya dakika ishirini.

8. Tulia, na usogee wakati wake tu

Hua wataanza kuimba kabla ya mwanga. Wakati huo usiinue kamera. Wa kwanza kushuka huwa mmoja au wawili, na nyuma yao mtini kuna wengine wanaotazama yatakayowapata. Ukimtisha wa kwanza umewapoteza wote. Mimi huwaachia wa kwanza wanywe waondoke bila kupiga hata picha moja, ingawa mkono unawasha.

Njiwa hanywi kama kuku. Kuku huchota tone akainua kichwa alimeze. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza mfululizo, kichwa kikiwa chini, kwa sekunde kadhaa. Hizo sekunde ndizo zako. Zitumie kuinua lenzi nusu ya njia, simama anapoinua kichwa, malizia anapoinama tena. Sogea polepole kama kivuli cha mti kinavyosogea.

Jifunze pia alama za hofu. Shingo ikirefuka na kuwa nyembamba, manyoya yakibana mwilini, wimbo ukikatika ghafla, ujue ameona kitu. Fumba macho nusu, usimkodolee, vuta pumzi. Mara nyingi atarudi kulegea. Akiruka na kupiga mabawa kwa kishindo, ameshawapa wengine habari, na itakubidi usubiri nusu saa au zaidi.

Kuhusu kamera nitasema machache, maana kila mtu ana yake. Lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha kwa umbali wa mita kumi hadi kumi na tano. Zima flashi na ile taa ndogo ya kulenga. Kama kamera ina njia ya kupiga kimya, itumie. Kwa njiwa anayetua au kuruka, kasi ya kamera isipungue sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwenye simu pekee asikate tamaa: iegemeze kwenye jiwe karibu kabisa na maji ikiwa inarekodi, uifunike kwa majani makavu, nawe ukae mbali.

Ukiwa mbugani, na ukiwa magharibi zaidi

Ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru hushuki garini ila sehemu zilizotengwa, kwa sababu kuna nyati, vifaru na simba. Gari lenyewe ndilo kichaka chako. Liegeshe kivulini, zima injini, usitoe mkono nje, na vaa nguo nyeusi nyeusi ili upotee ndani ya giza la gari. Sheria ya mgongo ni ile ile: funga dirisha la upande wa pili kwa leso nzito, la sivyo kichwa chako kitaonekana kikiwa na mwangaza nyuma yake.

Kisumu na Kakamega mchezo hubadilika kwa ajili ya ninga, yule njiwa wa kijani mwenye miguu ya rangi kali. Huyu hukaa kwenye mikuyu yenye matunda, na akishuku jambo hakimbii, bali huganda tuli kati ya majani, na unaweza kuwa chini ya kundi zima usione hata mmoja. Usizunguke mti ukimtafuta. Kaa ukiegemea shina, kimya, na usikilize makombo ya matunda yakidondoka. Dakika kumi baadaye wataanza kula tena, na matawi yatakuonyesha walipo. Lazima ufike kabla yao, na uwe tayari kupiga kwa kutazama juu.

Kiota

Ukimwona hua amelala juu ya vijiti vichache tawini na haondoki hata ukimkaribia, hayo si mafanikio ya maficho yako. Yuko juu ya mayai, kwa kawaida mawili, au juu ya makinda ambayo baba na mama huyalisha maziwa yanayotoka goleni mwao. Rudi nyuma hatua kwa hatua, kwa njia uliyojia. Usifunue majani ili upate picha safi, maana kunguru anakutazama nawe, na tundu uliloliacha ndilo atakaloingilia.

9. Namna ya kutoka

Usisimame ghafla kundi likiwa majini. Subiri waondoke wenyewe, au mtu wa boma apite na ng'ombe awaondoe yeye, ili wasiunganishe hofu na pale ulipokaa. Tandua matawi uyarudishe ulipoyatoa, futa alama ya gunia, na toka ukifuata ukingo wa ua badala ya kukata katikati ya shamba. Kisha pitia mlangoni kwa yule mama umuage, na umwonyeshe ulichopata. Birika lake likiwa limepungua maji, mjazie ndoo mbili kabla ya kwenda. Kesho alfajiri njiwa watakuja pale pale.